Vyuma, Nondo na Neno "Mzito"

Akina mama wenzetu, mkimsikia mwanamume anasema, "Mke wangu siku hizi amekuwa mzito," mnaelewa nini? Liwekeni jibu lenu kando kwanza. Tutalirudia, kwa sababu neno hilo moja lilimpandisha mama mmoja basi kutoka Dodoma hadi Morogoro, akiwa na kuku wawili kwenye tenga na kilo tano za unga wa ulezi, na alipofika pakawa na kilio.

Lakini tuanze mwanzo.

Sisi ni wanawake sita wa mtaa mmoja hapa Morogoro. Wote tumeolewa. Mkubwa wetu ana wajukuu watatu, mdogo wetu ana miaka 33. Mwaka jana wawili kati yetu walirudi kutoka hospitali na maneno yanayofanana: goti linauma, sukari imeanza kupanda, punguza wanga, fanya mazoezi. Mazoezi gani tena? Sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri, tukafagia, tukachota maji, tukafua, tukapika, tuambiwe tufanye mazoezi? Mmoja wetu alimwuliza muuguzi swali hilo hilo. Muuguzi, mama mtu mzima kama sisi, alimjibu kwa upole kwamba kazi za nyumbani zinachosha kweli, lakini hurudia viungo vile vile kwa namna ile ile kila siku. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, alisema, huanza kupoteza nguvu ya mifupa na misuli, na dawa mojawapo ni kuibebesha mzigo kwa mpango, kidogo kidogo. Akamweleza kuwa Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu ya hayo atenge siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa ya mwili.

Basi tukaenda kwa kijana mmoja fundi wa kuchomea vyuma. Nyuma ya karakana yake kuna banda la mabati ambamo vijana wa mtaa hunyanyua vyuma jioni. Hakuna kioo ukutani wala zulia. Kuna benchi la mbao, kuna kamba, na kuna vyuma alivyovitengeneza mwenyewe: makopo ya rangi yaliyojazwa zege, kopo moja kila upande, na katikati kipande cha nondo. Tulikubaliana naye siku mbili, Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni kabla vijana hawajafika.

Siku ya kwanza tulielewana kwa shida sana. Wala si kwamba kijana hana adabu. Alitusalimu shikamoo mmoja mmoja, akatufutia benchi. Tatizo lilikuwa maneno. Maneno yote aliyotumia tulikuwa tunayajua tangu utoto, na karibu yote tuliyaelewa vingine.

"Mama zangu," alisema, "kwanza tupashe."

Mkubwa wetu akaguna. Kwa mwanamke aliyekulia Tanga, na masikio yake yamejaa taarabu, kupasha ni kumwimbia mwenzio maneno ya kumchoma mbele za watu, na ndiyo maana nyimbo hizo huitwa mipasho. Mwingine alidhani kijana anazungumzia kiporo, maana jikoni kinachopashwa ni wali wa jana. Kumbe alitaka tutembee kwa kasi kuzunguka banda dakika tano, misuli ipate moto.

Kisha akasema, "Leo tutafanya seti tatu." Jirani yetu anayeuza vyombo sokoni akauliza, bila utani kabisa, "Seti za sahani au za vikombe?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kijana naye akacheka, kisha akatufafanulia: unanyanyua mara kumi, unapumzika, hiyo ni seti moja.

Hapo ndipo tulipoanza mchezo wetu, ambao mpaka leo unatufanya tusikose Jumanne. Kila neno la bandani tunaliuliza: wewe una sura ngapi? Mengine tuliyapata wenyewe, mengine tuliuliza kwa waume zetu na watoto, na mengine tuliyafuata kwenye kamusi na vitabu.

Nondo na kutu

Nondo ndiyo iliyotuchekesha zaidi. Kwa fundi ni chuma cha ujenzi, kile kirefu chenye mikunjo kinachowekwa ndani ya zege. Kwa mama wa nyumbani ni yule mdudu wa usiku ambaye wana wake hutoboa vitenge vilivyokunjwa sandukuni. Na katika Injili ya Mathayo sura ya sita, Bwana Yesu anapoonya juu ya kuweka hazina duniani, nondo anatajwa pamoja na kutu. Mtoto wa mmoja wetu, aliye darasa la tatu, alikuwa akiamini siku zote kwamba pale panazungumziwa vyuma vya kujengea. Ukifikiri, mtoto hakukosea sana. Nondo ya fundi wetu, iliyolala nje masika nzima, ina kutu kiasi cha kuchafua viganja.

Wasomi nao wana nondo yao. Kijana akihitimu chuo kikuu, wenzake husema amekula nondo, yaani amepata shahada. Mzungumzaji akitoa hoja nzito mkutanoni, watu husema ameshusha nondo. Na wenzetu wa Mbeya wanakumbuka jinsi watu walivyoogopa kutembea usiku miaka ya 2000 kwa sababu ya wapiga nondo, na hao hawakuwa na shahada.

Kwa kuwa tumelitaja chuma la bandani, tuwape hesabu yake, maana baadaye itatufaa. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo moja na nusu na zaidi kidogo kwa kila mita. Kipande chetu cha mita moja na nusu ni kama kilo mbili na nusu. Kopo la rangi la lita nne likijazwa zege linakaribia kilo kumi. Jumlisha makopo mawili na nondo yake, unapata kilo kama 22. Katika michezo ya kimataifa fito za chuma zenyewe, kabla hazijaongezewa kitu, ni kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake. Wanawake walianza kushindana kunyanyua vyuma katika michezo ya Olimpiki mwaka 2000, kule Sydney. Tulipoambiwa hivyo tulishangaa, tulidhani ni zamani zaidi.

Fito hiyo ya chuma vijana huiita baa, kwa kufuata Kiingereza. Hilo nalo lilituletea kisa. Mmoja wetu alichelewa, akamtumia mumewe ujumbe wa simu: "Niko na akina mama, tunanyanyua baa, nitachelewa kidogo." Mume alifika bandani ndani ya robo saa, na pikipiki ya kukodi, akatweta. Alikuwa amepita baa mbili za mtaani akimtafuta. Wala hatukumwambia kwamba wazee walikuwa na baa yao nyingine, ile ya baa la njaa na baa la nzige.

Kilichochumwa

Neno chuma lenyewe lilitukalisha muda mrefu, na hapa hatukucheka tu.

Kuna chuma cha fundi, na kuna kuchuma: unachuma mchicha, unachuma maembe, unachuma mali. Kwa masikio ni kitu kimoja. Lakini ukiangalia wingi wake unaona tofauti. Chuma cha fundi wingi wake ni vyuma, kama kitu na vitu, maana ndani yake mmejificha "ki-uma". Waganda hata leo husema ekyuma. Kuchuma ni kitenzi cha ukoo mwingine, na kutoka kwake tumepata mchumi na uchumi. Hata methali ya mchuma janga hula na wa kwao haina habari na vyuma.

Mkubwa wetu ndiye aliyesema, akiwa ameketi kwenye benchi anajifuta jasho, "Mimi nimechuma miaka 31 na mume wangu, lakini hati ya nyumba ina jina lake peke yake." Banda likanyamaza.

Hatukuwa na jibu siku ile, lakini tulilitafuta. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke wameichuma pamoja kwa juhudi zao, ndoa inapovunjika au wanapotengana kisheria. Kwa miaka mingi mahakama zilibishana: mke aliyekuwa anapika, anafua na kulea, je, amechuma? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Rufaa ya Bi Hawa mwenyewe haikufaulu, kwa sababu nyingine zilizohusu fedha aliyokuwa amekwisha kupewa na mumewe, lakini msingi ule umebaki na wanawake wengi wameutegemea tangu hapo. Mkubwa wetu hana mpango wa kuachika, tafadhali msimwelewe vibaya. Alitaka tu kujua neno "kuchuma" linamhusu au halimhusu. Linamhusu. Alikwenda nyumbani akamwambia mzee wake, na mzee, kwa maelezo yake, aliuliza, "Nani aliyesema halikuhusu?" Sasa wanazungumzia hati.

Misuli, kamba na mengineyo

Msuli tuliumaliza haraka. Wanaume wa pwani hujifunga msuli kiunoni wakipumzika nyumbani, kwa hiyo mke akiulizwa iko wapi misuli ya mumewe anaweza kujibu kwa haki kabisa kwamba iko kwenye kamba inakauka. Wanafunzi nao wakisema wanapiga msuli, wanasoma usiku kucha. Msuli huu wa mkononi umetujia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kiliupata kwa Warumi, ambao walikuwa wanasema musculus, yaani panya mdogo. Angalieni mkono wa kijana anapoukunja mtamwona panya akipita chini ya ngozi. Na mtu akitunisha misuli si lazima awe bandani. Nchi hutunishiana misuli mpakani, na kanisani sisi tunatunisha mfuko.

Kamba ya kuruka inafahamika. Kuna kamba wa baharini anayepikwa kwa nazi, kuna kamba ya mbuzi anayekula kwa urefu wake (nayo sasa imekuwa sifa ya maofisini, jambo la kusikitisha), na kuna kamba za waongo. Benchi mnalijua: la kliniki, la kanisani, la wachezaji wanaosugua benchi msimu mzima. Mashine kwetu ni ya kusaga unga. Fundi aliposema siku fulani atatuletea mashine, jirani aliuliza kama itakoboa pia.

Dambeli, kile chuma kifupi cha kushikwa kwa mkono mmoja, ina asili ambayo hatukuitarajia. Kwa Kiingereza jina lake ni "kengele bubu". Zamani Waingereza waliotaka kujenga mikono na kifua walitumia kifaa kilichofanana na kile cha kuvutia kengele ya kanisa, ila kengele yenyewe haikuwepo, kwa hiyo hakikulia. Mwandishi Joseph Addison alieleza katika jarida la The Spectator mwaka 1711 kwamba kila asubuhi alikuwa akifanya mazoezi ya namna hiyo kwa saa nzima, chumbani kwake. Baadaye kifaa kikabadilika kabisa, jina likabaki. Na hiyo jimu wanayoisema vijana, asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya uchi, kwa kuwa wanaume wa Ugiriki ya kale walifanya mazoezi bila nguo. Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu mazoezi ya mwili, katika Kigiriki ni neno la ukoo huo huo. Hakuyakataza, alisema tu kwamba faida yake ina mpaka. Sisi tunafanya mazoezi na suruali ndefu, na kanga juu yake.

Zoezi, kwa upande wake, limetoka kwenye kuzoea. Ndugu zake ni mazoea. Mtoto ana zoezi la hesabu, serikali ilikuwa na zoezi la sensa mwaka 2022, na sisi tuna mazoezi. Wazee husema mazoea yana taabu, na tuliona ukweli wake tulipokosa wiki mbili za mitihani ya watoto: mwili ulidai vyuma vyake.

Mzito

Sasa turudi kwenye swali letu.

Mzito ni neno lenye vyumba vingi. Uji ni mzito, usingizi ni mzito, moshi ni mzito, lawama ni nzito. Mtu aliye mzito wa kutoa mfuko wake haufunguki. Musa alijitetea mbele za Mungu kwamba ulimi wake ulikuwa mzito. Ukimwomba mtu jambo akajibu "naona uzito", hajapanda kwenye mizani, anakataa kwa heshima. Nchini Kenya wazito ni wakubwa wa nchi, na hata katika Kiebrania cha Agano la Kale neno la utukufu, kavod, lina mzizi mmoja na neno la uzito. Amri ya kuwaheshimu baba na mama, ukiichimba, iko karibu na kusema wapeni uzito wao.

Na mzito ni mwanamke mwenye mimba. Mja mzito.

Mdogo wetu, yule wa miaka 33, yuko katika mwaka wa saba wa ndoa na hajapata mtoto. Ametupa ruhusa tuandike haya, mradi tusimtaje jina. Yeye na mumewe wamekwenda hospitali wote wawili, wamepimwa wote wawili, na wanaendelea na matibabu. Mumewe ni mtu mwema. Hajawahi kumnyooshea kidole. Kosa lake lilikuwa la lugha tu.

Mwezi wa sita mama mkwe alipiga simu kutoka Dodoma. Kulikuwa na kipaimara cha mjukuu, akauliza kwa nini mkwe hakuja. Kijana wa watu alitaka kusema kwamba mkewe ameongezeka uzito, goti linamsumbua, na safari ya basi ni ndefu. Akaona "amenenepa" ni neno la kuudhi, hasa mkewe akiwa chumba cha pili anasikia. Akatafuta neno la heshima. Akasema, "Mama, mwenzangu siku hizi amekuwa mzito, safari zinamshinda."

Kwenye simu pakawa kimya. Kisha mama akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuelewa, mwanangu. Hayo hayasemwi kwenye simu." Akakata.

Mume hakushtuka. Alidhani mama yake ameona aibu kumzungumzia mkwe unene wake.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, mama mkwe alisimama mlangoni na tenga lake.

"Shikamoo mama," mdogo wetu alisema, akanyoosha mikono kupokea mzigo.

"Marahaba, mkwe wangu. Acha, acha! Usibebe. Wewe kaa."

Akaketishwa kwenye kochi lake mwenyewe. Mama mkwe akaenda jikoni, akachinja kuku mmoja, akakoroga uji wa ulezi, akauleta na kijiko. Alikuwa anaimba. Mdogo wetu alikuwa anaangalia tu, hajui afanye nini, mpaka yule mama alipokaa karibu yake, akamshika mkono, akauliza kwa kunong'ona, "Ni miezi mingapi?"

Anasema alijaribu kujibu mara tatu. Alipoweza alisema, "Mama, hakuna." Kisha akalia, na mama mkwe akalia naye, na uji ukapoa.

Mume aliporudi kazini aliwakuta bado pale pale. Mama yake alimsimamisha mbele yake kama mtoto wa shule. "Ulikosa neno? Si ungesema amenenepa!"

"Mama, niliona nitamvunjia heshima."

"Basi umemvunja moyo, na wangu pia."

Hatukuwepo, tunasimulia tulivyosimuliwa. Tunalojua kwa macho yetu ni la kesho yake, Ijumaa. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani peke yake, akafuatana na mkwe wake hadi bandani. Ana miaka zaidi ya sitini, mwembamba, mgongo umenyooka. Alikaa kwenye benchi akatutazama tukipasha, tukinyanyua, tukihema. Baadaye akanyanyuka, akalizunguka lile chuma la makopo mawili.

"Hili lina kilo ngapi, mwanangu?"

"Ishirini na mbili, bibi."

"Hiyo si ndoo moja ya maji?"

Kijana akapiga hesabu kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na ndoo yenyewe karibu kilo moja. "Ni ndoo moja, bibi."

"Mimi nilianza kuchota nikiwa na miaka saba." Akajifunga kanga vizuri, akachuchumaa, mgongo umenyooka kama alivyotufundisha kijana kwa wiki tatu bila mafanikio, akalishika lile chuma, akalisimamisha nalo mpaka usawa wa mapaja, akalirudisha chini taratibu bila kulibwaga. Kijana alikuwa amenyoosha mikono kama mtu anayetaka kudaka mtoto anayeanguka.

Hatukushangaa peke yetu. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wataalamu walipima hewa waliyovuta wakitembea. Mzigo ulipokuwa chini ya sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu zaidi ya wakati walipotembea mikono mitupu. Wanasayansi wenyewe walikuwa na kazi ya kueleza jinsi inavyowezekana. (Mkanda nao una yake: baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 taifa zima liliambiwa lifunge mkanda, na wengine mnaujua mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa ngozi unaouma kama moto.)

Lakini tusije tukawadanganya kwamba kila bibi alibebe chuma siku ya kwanza. Yule amebeba maisha yake yote. Anayeanza aanze na chupa mbili za maji za lita moja na nusu, au mfuko wa mchele wa kilo mbili. Usizibe pumzi unaponyanyua. Toa hewa unapopandisha, vuta unaposhusha. Mwenye shinikizo la damu, aliyepasuliwa karibuni, na mja mzito waongee kwanza na mhudumu wa afya. Na makopo ya zege yasiachwe pale watoto wanapochezea: kilo kumi zikianguka kwenye mguu wa mtoto hazichagui.

Mama mkwe alikaa nasi siku kumi na mbili. Jumapili kanisani, akina mama waliosikia minong'ono walimsogelea kumpongeza, maana habari za uji wa ulezi huenda mbali. Mdogo wetu alikuwa karibu, ameinamisha uso. Yule mama akawajibu kwa sauti kubwa, wote wasikie: "Mkwe wangu hana mimba. Mkwe wangu anabeba vyuma. Kilo ishirini na mbili." Hakuna aliyeuliza tena.

Unga uliobaki aliutumia kutukorogea sisi sote uji Ijumaa ile nyingine, nyuma ya karakana, kwenye sufuria moja. Alikataa kuuongezea maji.

Sasa kila Jumanne jioni simu ya mdogo wetu hulia tukiwa bado bandani. Yeye huiweka sauti ya juu tusikie wote. Sauti kutoka Dodoma haipotezi muda kwa salamu ndefu.

"Haya, wanangu. Leo mmefikisha ndoo ngapi?"